Robota la Bi Mwanaidi

Mnicheke taratibu jamani, maana aibu yangu bado mbichi. Mimi ni msimamizi wa ghala la sufi la tajiri mmoja hapa Bagamoyo. Juzi alikuja Bwana Afya, akaziba pua. "Uchafu huu usipoondoka, ghala nalifunga," akasema.

Uani kulikuwa na makumbi, magunia mabovu na vichwa vya papa. Kuvibeba hadi jalalani niliona ni kazi ya watu wasio na akili. Mimi ninayo. Nikazitia taka zote kwenye mashine ya kushindilia sufi, nikakaza, nikazifunga kwa gunia jipya. Likatoka robota zuri la kupeleka Ulaya! Nikalipanga ghalani pamoja na marobota ya sufi.

Kesho yake Bi Mwanaidi akaja kutafuta sufi ya godoro la bintiye, anayeolewa Ijumaa. Nikamwamkia, nikamchagulia mwenyewe robota zito kuliko yote.

"Hili limeshiba, mama," nikamwambia.

Leo Bwana Afya amerudi. Ameutazama ua, akanisifu mbele ya tajiri.

"Taka umezipeleka wapi?" Bwana Afya akauliza.

"Zimekwisha kabisa, bwana," nikajibu, kifua mbele.

Mara Bi Mwanaidi akaingia. Nyuma yake ulikuja mkokoteni wenye robota lililopasuliwa, ukifuatwa na paka wa mtaa mzima. Akachomoa kichwa cha papa, akaniwekea mkononi.

"Kalale nacho wewe, baba. Mwanangu anaolewa na mtu, si na paka."