Pole ya Sista

Mama yangu ana mabinti wawili, na mmoja hakumzaa. Huyo ambaye hakumzaa ndiye anayempenda zaidi. Anayetaka kunibishia aje mtaa wa Umoja Jumapili baada ya kanisa, aketi sebuleni kwa mama nusu saa, kisha aniambie.

Huyo mdogo wangu ni mtoto wa mama mdogo. Alikuja kwetu, wakati huo tukikaa Shauri Moyo, akiwa na miaka sita na mimi nina minane, mama yake alipofariki. Alikuja na begi moja la nguo na kikohozi. Kwa ajili ya kikohozi akapewa nafasi yangu kitandani kwa mama, upande wa ukutani, nami nikahamishiwa godoro la sebuleni. Kikohozi kilipona baada ya wiki tatu. Nafasi yangu sikurudishiwa. Sasa nimepita miaka arobaini, nina nyumba yangu na kitanda ambacho hakuna wa kukigombania nami, na bado nikikumbuka ule ukuta roho huniuma.

Yeye alisomea uuguzi, akawa mkunga. Mimi nikasomea sheria. Muuguzi kwetu huitwa Sista, kwa hiyo mtaa mzima humwita Sista, na mama naye humwita Sista, kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuitwa nayo. Kila Jumapili huketi karibu na mlango na mashine yake ya kupima presha, anaanza na mama, kisha majirani. Wanamletea miguu iliyovimba, karatasi za hospitali, watoto wenye upele. Siku moja jirani mmoja aliniomba niinuke nimpishe ili akae karibu na Sista. Nikainuka. Nikasimama kando ya kabati la vyombo kama mgeni asiyejulikana amekuja na nani.

Mimi hawaniletei kitu. Kazi yangu ni kutetea madaktari na wauguzi wanaposhtakiwa na wagonjwa kwamba walizembea, na kazi hiyo haikupi marafiki huku Eastlands, mashariki mwa Nairobi, ambako kila nyumba ina mtu aliyeingia hospitali kwa miguu yake akatolewa kwa jeneza. Niliwahi kumsikia mgeni wa mama akinong'onezwa, "Huyu ndiye yule wa kutetea madaktari wanaoua watu." Mama alisikia pia. Hakukanusha. Alisema tu, "Lakini alisoma sana."

Kazi yenyewe naipenda, sitadanganya. Faili ya mgonjwa huisoma nikiwa nimefunika ukurasa unaofuata kwa karatasi nyeupe, ili nisijue zaidi ya alivyojua muuguzi saa ile. Watu wengine huianzia mwisho. Wanajua tayari kwamba mgonjwa alikufa, kwa hiyo wanaona kosa kila mstari. Mimi hufunua polepole, saa kwa saa, nikijiuliza hapa ningefanya nini. Huu ndio ufundi wangu, na nyumbani hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake.

Mwaka juzi nilipata faili ya Sista.

Mama mmoja kijana alikuja kujifungua katika kliniki ndogo ya uzazi ambako mdogo wangu alikuwa kwenye zamu. Mtoto alitoka bila kulia. Sista alimhudumia mtoto, akaita ambulansi, ambulansi ikachelewa, na mtoto akafariki kabla haijafika. Wazazi walishtaki kliniki na wakamshtaki Sista mwenyewe kwa jina lake. Wakishinda, leseni yake ya ukunga ingekuwa mashakani, na yule mtu aliyeketi karibu na mlango wa mama kila Jumapili asingekuwa tena Sista wa mtu yeyote.

Nilitaka kumwachia mwenzangu ofisini. Mkubwa wangu alisema hakuna sheria inayonikataza kumtetea ndugu, lakini angeelewa nikikataa. Nilikuwa nimeshakataa moyoni mama alipopiga simu.

"Kwani wewe hutetea wageni pekee?" akaniuliza. "Mtoto wangu ameshtakiwa na wewe uko hapo?"

"Hata mimi ni mtoto wako, mama."

"Wewe hujashtakiwa," akasema, na hapo mazungumzo yakaisha.

Nikaisoma faili nikifunua ukurasa mmoja mmoja. Nilitafuta kosa. Kulitafuta ni kazi yangu, lazima nilipate kabla ya wakili wa upande wa pili, lakini safari hii nililitafuta kwa hamu ambayo sikuwahi kuwa nayo kwa mteja mwingine. Nilitaka liwepo hata moja, dogo, la kunionyesha kwamba naye ni mtu. Mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa yameandikwa kila alipopima, kwa mwandiko ule ule wa mviringo aliokuwa akisifiwa nao shuleni. Saa aliyopiga simu ya kwanza iliandikwa. Saa aliyopiga ya pili iliandikwa. Hakuna kilichorukwa. Nilifunga faili nikiwa nimeudhika, na ni aibu wakili kuudhika kwa sababu mteja wake hana hatia.

Kulikuwa na neno moja tu la kutupa taabu. Hati ya madai, ambayo kama kawaida iliandikwa kwa Kiingereza, ilisema kwamba baada ya mtoto kufariki muuguzi alisimama kando ya kitanda cha mama akaomba radhi, na kwa hivyo akakiri kosa lake mbele ya watu.

"Ulimwambia nini hasa?" nikamuuliza Sista alipokuja ofisini.

"Nilimwambia pole."

"Kwa nini?"

Akanitazama kana kwamba Kiswahili kimenitoka. "Si alikuwa amefiwa?"

Siku ya kesi mama alikuja. Nimekuwa mahakamani miaka kumi na minne na mama hakuwahi kuja kunisikiliza hata mara moja, kwa kuwa miguu inamsumbua. Siku hiyo miguu haikumsumbua. Alikuja na chupa ya chai na mandazi kwenye kopo, akamkalisha Sista kwenye benchi la nje na kumsimamia mpaka akala mawili. Nilipopita na mafaili yangu akaniambia, "Wewe utakunywa ukimaliza. Usije ukabanwa na haja katikati ya kesi."

Yule mama kijana alitoa ushahidi kwanza. Alizungumza kwa upole, bila kuongeza chumvi, na nilimheshimu kwa hilo. Alisema alikuwa amelala ameelekea ukutani. Sista akaja, akamshika mkono, akamwambia pole. "Nikamwambia asante, Sista," akasema, "halafu nikaomba niletewe mtoto nimwone." Kalamu yangu ilikuwa tayari. Niliandika neno *asante* nikalipigia mistari miwili, na kwa dakika nzima sikumwonea wivu mtu yeyote duniani.

Kisha zamu ya Sista ikafika. Alianza vizuri. Alijibu habari za mapigo ya moyo na habari za simu, akielekeza kidole kwenye maandishi yake. Ndipo wakili wa upande wa pili, mzee mmoja mtaratibu anayependa kuvua miwani kabla ya kuuma, akavua miwani.

"Sista, ukimkanyaga mtu mguu pale stendi, unamwambiaje?"

"Namwambia pole."

"Kwa sababu umemkosea?"

"Ndio."

"Na huyu mama ulimwambiaje?"

Watu wawili watatu nyuma walicheka kidogo. Sista alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. "Nilimwambia pole," akasema. Mzee akavaa miwani yake, akaketi.

Sista akanigeukia. Nilikuwa simjui mtu huyu anayenitazama. Uso ulikuwa umelowa jasho, midomo inatafuta neno, na macho yananiomba. Yeye, ananiomba mimi. Nyuma yake niliweza kumwona mama, kopo la mandazi mapajani, ameduwaa.

Hakimu akaniuliza kama nina swali la kumalizia na shahidi wangu. Nilikuwa nalo. Lilikuwa pale kwenye daftari, limepigiwa mistari miwili. Sikusimama.

Nataka kuandika jambo hili vile lilivyokuwa. Sikuwa nimechanganyikiwa, wala sikuwa natafuta karatasi. Nilikuwa nafurahi. Niliona jinsi mambo yangeenda nikikaa kimya: leseni imekwenda, kiti cha karibu na mlango hakina mtu, na mama hana budi kunigeukia mimi, aliyebaki. Ilikuwa furaha mbaya na ilikuwa tamu, na niliiacha ikae. Hakimu alipata muda wa kufungua ukurasa mpya na kuandika tarehe juu yake. Akaniita mara ya pili, "Wakili?"

Sijui nilisimama kwa sababu gani. Ningependa kusema ni upendo. Nadhani ni kwamba nilikuwa nimelishika swali zuri, na mtu wa ufundi wangu hawezi kwenda nyumbani na swali zuri mfukoni.

"Sista," nikasema, "mtu akikukanyaga akakuambia pole, wewe humjibu nini?"

Alifikiri. "Namwambia hakuna shida."

"Na ukiwa umefiwa, jirani akaja akakuambia pole?"

"Namwambia asante."

"Kwa nini usimwambie hakuna shida?"

"Sasa nitamwambiaje hakuna shida," akasema, "na hajanikosea?"

"Huyu mama alikujibu nini?"

Nikaona neno likimfikia. Mabega yakashuka. "Aliniambia asante. Asante, Sista."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Mzee wa miwani alitikisa kichwa akitazama meza, na nje alinipa mkono akasema, "Umeniweza leo, mwanangu." Mimi mwenyewe nilikuwa nimeloa mgongo mzima chini ya koti.

Hukumu ilisomwa miezi michache baadaye. Hakimu alisema maandishi ya muuguzi yalikuwa kamili na hakuona uzembe, na kwamba pole aliyoitoa ilipokelewa na mlalamishi mwenyewe kama pole ya msiba. Madai dhidi ya Sista yakatupwa. Mama alisimama palepale ukumbini. "Mungu amemtetea mtoto wangu!" akasema, nami nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na mafaili yote mikononi. Tulipotoka nje akaanza kupiga vigelegele. Sista akamziba mdomo kwa kiganja, kwa haraka, akamwonyesha kwa macho. Yule mama kijana alikuwa ameketi kwenye benchi na mumewe, amekumbatia mkoba wake, hajui aelekee wapi. Mimi sikuwa nimemwona. Nilikuwa nahesabu ni nani amenipa mkono. Sista alimwona, ingawa mwaka mzima mwanamke huyo alikuwa amemnyima usingizi. Na mimi, hata hapo, nilimwonea wivu.

Jumapili iliyofuata nilienda Umoja. Sebule ilijaa. Mashine ya presha ilikuwa kazini, na mama alikuwa akisimulia kesi kwa majirani, yote kuanzia kuvuliwa kwa miwani, na katika masimulizi yake maswali yalijiuliza yenyewe. Nilienda jikoni kuosha vikombe ili nisisikie. Baada ya muda Sista akaingia, akachukua kitambaa, akaanza kuvipangusa nilivyoviweka.

"Si umekonda," akasema.

"Ni kazi."

Tukaosha na kupangusa. Tulipofika kikombe cha nne au cha tano akasema, bila kunitazama, "Siku ile ulikawia kusimama."

"Wakili hukawia makusudi wakati mwingine. Ni mbinu. Hakimu apumue kidogo."

"Ulikuwa unaniangalia."

"Nilikuwa nafikiria swali."

"Ulikuwa umeshaliandika," akasema. "Daftari lilikuwa wazi. Nilikuwa nimesimama juu pale, naliona. Niliona asante, na ile mistari yako miwili. Nikajua hapo tumepona, atasimama sasa hivi. Halafu nikakuona husimami."

Bomba lilikuwa likitiririka. Nikalifunga. Kutoka sebuleni majirani walicheka kwa pamoja, nadhani mama alikuwa amefika kwenye stendi na mguu uliokanyagwa. Nilitafuta utetezi. Nimewapatia utetezi watu waliokosa hata kumbukumbu ya walichofanya, lakini wangu sikuupata.

Kwa hiyo nikamwambia pole.

Aliendelea kupangusa kile kikombe, ndani na nje, mpaka kikakauka kabisa, kisha akakipanga rafuni pamoja na vingine.

"Hakuna shida," akasema.