Yule wa Sindano ya Mgongo

Jina lake kamili, kwa wamama waliojifungulia hospitalini Kitale miaka ile, lilikuwa Wa Mgongo, aliyemdunga mke wa mchungaji sindano ya ganzi, aliyemtuliza mwalimu mkali wa Kanduyi. Alipasha mikono kwapani kwanza, kisha akausemesha mgongo wenyewe, si mwenye mgongo: "Wewe umebeba mitungi mingi ya maji. Jikunje kama paka, usitikisike." Siku Roselyne alipozidiwa na uchungu akaomba sindano, mama mkwe wake kutoka Myanga alisimama katikati ya mlango. "Sisi tulizaa tukiuma leso." Wa Mgongo akauliza kwa upole, mikono ingali kwapani, "Na leso ilisaidia, mama?" "Niliitafuna ikaisha," mama mkwe akasema, akampisha. Dawa iliposhika, Roselyne alinyamaza, akacheka, akaanza kujikuna pua. "Sasa wamama wa Myanga nitawaambia nini?" mama mkwe akalalamika. "Ati alizaa akijikuna?" "Si ni dawa tu, huwasha," alisema Wa Mgongo, akivua glovu. "Wewe keti hapa. Tazama kifua chake, maana dawa hiyo pia hupunguza pumzi; ikianza kuchelewa, niite mbio. Na hiyo pua, mama, mkune wewe. Yeye ana kazi ya kusukuma."