Jenereta Isiyo na Kelele

Ilianza Jumamosi, saa kumi na robo jioni, umeme ulipokatika mtaa wetu wote wa Nyasho. Nilikuwa darasa la sita. Sasa niko kidato cha tatu, na labda nisingeikumbuka tena siku hiyo kama mama asingenituma stoo kutafuta mfuniko wa sufuria. Nikaikuta jenereta yetu chini ya gunia, ndogo, nyekundu, mpini wake bado umezungushiwa kitambaa alichofunga bibi ili usitukate mikono. Nikakaa chini. Mfuniko nikausahau.

Ngoja nikueleze kwanza tulivyoichagua, maana raha yote ilikuwa hapo.

Wakati huo mama alikuwa ameacha kuanika dagaa mwaloni, kule ziwani mitumbwi inapotia nanga, mgongo ulikuwa unamsumbua. Badala yake alikuwa anatotolesha vifaranga. Mashine yake ilikuwa sanduku la mbao alilotengenezewa na jirani yetu, fundi seremala, lenye balbu na feni ndogo ndani. Chumba kile kilikuwaga na joto tamu, kinanukia mbao na maranda, na mimi nilifanyia humo hesabu zangu za shule. Shida ilikuwa umeme. Ukikatika, mama alisimama katikati ya chumba kama mtu aliyesahau alichofuata. Mayai yalikuwa yameshaharibika mara moja. Alisema yakiharibika tena anarudi kwenye dagaa, mgongo utake usitake.

Basi tukaenda Bunda kununua jenereta, mama, baba, mimi, na bibi aliyekuwa amekuja kutoka Butiama kutusalimia akakataa kuachwa nyumbani. Muuzaji alikuwa mzee wa kanzu, mpole. Baba alikwenda moja kwa moja kwenye ile kubwa yenye magurudumu, akawa anaipapasa kama ng'ombe wa mahari.

"Hii inavuta friji, pasi, tivii, kila kitu," alisema.

Muuzaji akamgeukia mama. "Mama, wewe unataka kuwasha nini?"

"Mayai."

"Mayai, sawa. Wengi wakija hapa wanataka kuwasha mpira." Akamtazama baba, na baba akacheka mwenyewe.

Yule mzee alimweleza mama kwamba kwa balbu na feni tu, ile jenereta ndogo inatosha, kubwa itamlia petroli bure. Akavuta kamba. Tukasogea kusikiliza, ikawa inakoroma taratibu kama paka aliyeshiba. Mama aliipenda hapo hapo.

"Ya kelele mtaa mzima unajua," alisema. "Kesho wote wako mlangoni na simu za kuchaji."

Bibi naye akainyanyua kwa mkono mmoja, akazunguka nayo duka. "Hii hata mimi nakimbia nayo." Hilo likamaliza ubishi, maana baba akiwa shambani Suguti ni mimi na mama tu wa kuibeba.

Ikawa siri yetu mpaka Jumapili, bibi alipoitangaza kwenye jumuiya. "Haina kelele kabisa, hata mtoto analala." Mama alimwangalia bibi, bibi akaangalia chai yake.

Sasa hiyo Jumamosi, baba akiwa Suguti. Mayai yalikuwa yanakaribia kabisa kuanguliwa. Nilikuwa nimeweka moja sikioni, na humo ndani kifaranga alikuwa analia, sauti nyembamba sana, kama anaita kutoka nyumba ya mbali. Balbu zikazimika. Tukaenda kuibeba jenereta, na kabla hatujaiwasha wanaume watatu wakabisha hodi, kofia mikononi. Fundi seremala wetu alikuwa amefariki asubuhi ile. Tulijua, mama alikuwa ameshapeleka unga. Sasa ndugu walikuwa njiani kutoka Tarime, kwaya imeshafika, na kule hakuna taa wala spika.

"Mama, tumesikia mna ile isiyo na kelele," alisema mkubwa wao. "Ibada itasikika vizuri. Asubuhi tunairudisha."

Mama alikuwa ameshika mpini. Akaliangalia sanduku ambalo marehemu alilipiga randa kwa mikono yake na kukataa hata hela ya misumari. Mimi naonaga aibu hata kuitikia salamu za wageni. Nilitaka kusema kwamba vifaranga wameshaanza kulia, nikainama kutafuta kidumu cha petroli.

"Ni msiba," mama alisema polepole, kama anajiambia mwenyewe. "Chukueni."

Mmoja wao aliibeba peke yake, kwa mkono mmoja. Mimi nikawafuata na kidumu cha petroli.

Tulizungushia sanduku blanketi na vitenge vyote. Bibi alichemsha maji, tukajaza kwenye chupa na kuzipanga katikati ya mayai, zikipoa tunabadilisha. Huku yanaungua, kule yamepoa. Kutoka msibani kwaya ilisikika vizuri kabisa, kila neno. Mama alikuwa anaimba nao chini chini huku anapangusa mayai. Kila nilipoweka moja sikioni, sauti ilikuwa mbali zaidi.

Siku hizi chumba kile kina magunia ya mahindi. Sanduku tuliligeuza kabati la vyombo. Bibi hayupo tena. Nikipita pale bado natafuta ile harufu ya maranda ya moto, na sijui ningemwambia nani kwamba nimeikosa.

Asubuhi ile waliirudisha jenereta wameifuta vizuri, tangi limejaa, na juu yake sahani ya wali wa msiba. "Mungu awabariki," yule mkubwa alisema. "Kweli haina kelele. Hata wazee wamesifia."

"Asanteni," mama alisema. Alikula kidogo, akaenda kuvaa viatu vya mwaloni.

Nililishusha beseni la dagaa kutoka juu ya kabati la nguo, nikalisugua kwa majivu mpaka likang'aa, nikajitwisha, nikamfuata.