Marufaa ya Mbao Mbovu

Mehjabeen alizaliwa na kinyaa. Kikombe alichonywea mwenzake hakukigusa mpaka kisuguliwe kwa majivu, na nzi akitua kwenye mchuzi, sufuria nzima ilikwenda kwa kuku. Mtu wa namna hiyo hakuwa na la kutafuta katika karakana ya shemeji yake, Irshad. Lakini msumeno wa marehemu mumewe ulikuwa humo, na yeye alikuwa ameutaka muda mrefu.

Tangu aolewe alikuwa akikaa uani, akipiga msasa nakshi walizokata wanaume, kama wafanyavyo wanawake wengi wa mitaa ya maseremala ya Saharanpur, India. Eda ilipokwisha, akasema sasa atakata mwenyewe.

Irshad alicheka hadi tambuu ikamchuruzika kidevuni. "Shemeji, ule si cherehani! Haya, njoo ujionee."

Ulikuwa msumeno wa umeme, wembe wake mwembamba kama uzi, ukipanda na kushuka katikati ya meza ndogo ya chuma. Wembe hufungwa juu, hufungwa na chini. Siku ya kwanza Mehjabeen alipitisha mkono chini ya meza kutafuta parafujo, na vidole vyake vikazama katika kitu laini, chenye uvuguvugu. Akavitoa. Vilikuwa vyekundu. Irshad alikuwa ametoka tu kutema pale.

Alikimbilia bombani akatapika mpaka nyongo.

"Ufundi hauna marashi, shemeji," Irshad akamwambia kutoka mlangoni.

"Na mdomo wako hauna adabu. Leta ndoo na sabuni."

Alisugua meza, sakafu na ukuta, huku pua ameiziba kwa ushungi. Kisha akaketi kujifunza. Wembe wa kwanza ulikatika, wa pili ukakatika, na kibao kikarukaruka mezani kama samaki aliyevuliwa. Irshad alimwambia asukume kwa nguvu, na alivyosukuma ndivyo nyembe zilivyozidi kukatika. Mwishowe alipapasa wembe kwa kidole, akagundua kwamba ameufunga meno yakitazama juu, ndiyo maana ulikuwa ukikinyanyua kibao. Akaugeuza. Akaacha kusukuma, akawa anakizungusha kibao taratibu na kuuacha wembe ukate wenyewe. Jani lake la kwanza la nakshi lilitoka limepinda upande, lakini lilikuwa jani.

Alipokwisha kuzoea, Irshad akamletea mbao za marufaa. Maalim Mubashir wa madrasa alikuwa ameagiza marufaa za shishamu, mbao ngumu ya thamani, za kuwekea misahafu ya wanafunzi wake. Mehjabeen alitoboa tundu, akapenyeza wembe, akawasha. Mbao ikakatika kwa urahisi mno, kama mkate uliolowa. Mara msumeno ukatoa ute mweupe. Alipozima, aliona nusu ya funza mnene ikijinyonganyonga kwenye mchoro wa ua, nusu nyingine imepakazwa kwenye wembe. Akaigonga mbao mezani. Unga ukamwagika, na funza wengine ndani yake.

"Irshad! Hii ni mbao ya mwembe, tena imebunguliwa!"

"Punguza sauti. Matundu tunaziba kwa gundi na unga wa mbao, juu tunapiga vanishi nyeusi. Nani atajua?"

"Mtaweka msahafu juu ya funza?"

"Funza naye ni kiumbe cha Mungu."

Safari hii hakutapika. Kinyaa kilimshuka kutoka kooni kikakaa kifuani, na alipomtazama shemeji yake, akijiramba midomo myekundu, alimwona naye ameliwa ndani vilevile.

Hata hivyo alimaliza kuzikata, na Irshad akaziba matundu na kupaka vanishi. Maalim alipokuja, marufaa zilikuwa zinang'aa. Alizisifu, akazipapasa. Mehjabeen akachukua moja, akaigonga ukingoni mwa meza. Ikapasuka, na unga ukamwagikia kanzu ya mgeni.

"Tazama mwenyewe, Maalim. Nakshi nimekata mimi, na naona haya."

Maalim alijikung'uta akaondoka bila kuaga. Irshad aliipiga teke ndoo. "Umenivunjia riziki! Toka! Usikanyage tena hapa!"

"Natoka. Na msumeno wa mume wangu unatoka na mimi."

Aliita mkokoteni, akausindikiza kwa miguu mtaa mzima, watu wakichungulia milangoni. Mama mkwe alilalamika kwamba kelele zitamuua kabla ya siku zake. Mehjabeen akauweka uani, karibu na bomba, akauosha kwa maji ya moto hadi kila parafujo.

Mbao alizochagua mwenyewe, akizigonga moja moja sikioni, na muuzaji akinung'unika. Marufaa yake ya kwanza ilikuwa na ua moja kubwa kuliko jingine. Hakuipaka vanishi nyeusi. Aliipaka mafuta tu, akaipeleka madrasani mwenyewe.

Maalim aliigonga mezani mara mbili, akasikiliza. "Maua hayalingani, mama."

"Ndiyo, Maalim. Bado najifunza."

Maalim akaikunjua, akaweka msahafu juu yake.