Mfuniko Hamkucheza Nao

Nestor Prystupa alianza kudaka akiwa na miaka sitini na mitatu. Sababu ilikuwa sufuria.

Sufuria yenyewe ilikuwa ya mkewe, Verna. Kubwa, ya aluminiamu, ndama anaenea humo ukimkunja vizuri. Ndiyo aliyopikia holubtsi, zile za kabichi iliyoviringwa na wali ndani, za harusi zote na misiba yote ya kijiji chao, Dolyna, kwa miaka thelathini na tano.

Kila Januari wazee wa Dolyna hucheza hoki ya barafuni na wazee wa Nordby, kijiji cha pili ukifuata reli. Zamani walishindania kombe. Ukumbi wa zamani ukaungua, kombe likayeyuka, na mwaka huo wanaume walimaliza mechi wakabaki wanatazamana kama ng'ombe walionyeshewa. Verna akapakua holubtsi za mwisho, akasuuza sufuria, akaitua mezani.

"Haya. Gombanieni hii."

Basi ikawa ndiyo hiyo. Miaka sita sufuria ilikaa Dolyna, jikoni kwa Verna, akaipikia kama kawaida. Mwaka wa saba Nordby wakashinda. Nahodha wao, Arne Hovland, akaja mlangoni na wenzake wawili kuichukua. Verna akawapa. Mfuniko akaukumbatia kifuani.

"Mmeshinda sufuria," akawaambia. "Mfuniko hamkucheza nao."

Arne akafungua mdomo, akaufunga. Kwa Verna watu wengi walifanya hivyo. Mama yule alikuwa anasema kuanzia anapoamka mpaka anapolala, na akilala anamalizia.

Mwezi wa tano akafa.

Mfuniko ukabaki kwenye msumari juu ya jiko. Nestor hakuugusa. Jikoni kukawa kimya, mpaka friji ikinguruma anageuka.

Nestor hakuwa mchezaji. Kazi yake uwanjani ilikuwa barafu: kuimwagia maji, kuipitishia mashine ya kulainisha, kuziba mashimo. Kuteleza alijua, kama kila mtu wa huko. Mtoto wa Dolyna huvaa viatu vya barafu kabla hajajua kufunga suruali yake. Lakini kusimama golini, watu wazima wakakulenga kwa kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, hilo aliliona ni la watu wenye upungufu fulani.

Novemba, goti la Lud Marchenko likagoma. Lud ndiye alikuwa kipa, miaka ishirini na miwili. Daktari alimwambia akipiga goti barafuni tena atainuliwa kwa winchi. Orest Bilyk, nahodha, mtu wa ghala la ngano, akawakusanya wenzake kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Nestor alikuwa amesimama mlangoni na koleo lake la theluji.

"Bila kipa hakuna mechi," Orest akasema. "Itabidi niwapigie simu Nordby, niwaambie wakae na sufuria mwaka mwingine."

Kila mtu akatazama viatu vyake. Kipa ni kama mchimba kaburi. Kijiji kinamtaka, ila kila mzazi anaomba asitoke nyumbani kwake.

"Nitadaka mimi," Nestor akasema.

Wakageuka wote.

"Wewe?" Orest akamkazia macho. "Nestor, wewe nyuki akipita unafumba macho."

"Nitayafumba. Si kuna kofia?"

"Ndugu yangu, kama shida ni sufuria, waombe tu. Arne si mtu mbaya. Atakuletea leo leo, tena imeoshwa."

Nestor akaegemeza koleo ukutani.

"Verna hakuwahi kuomba kitu Nordby," akasema.

Hapo mjadala ukaisha.

Jumamosi akaenda kwa Lud kuchukua vifaa. Vifaa vya kipa ni mzigo wa nusu nyumba. Lud alivitundika kwenye banda la nyuma, pamoja na kuku, maana mkewe alikwisha kusema: vikiingia ndani, yeye anatoka. Vifaa vya kipa havifuliwi. Ukivifua, bahati inatoka na maji. Hili Dolyna hata mchungaji analikubali.

Nestor akafungua mlango wa banda, akarudi nyuma hatua mbili.

"Lud, humu kuna kitu kimekufa."

"Kimekufa mara nyingi," Lud akasema. "Utazoea. Mimi nilichukua miaka minne."

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kikombe cha chai mkononi, goti limenyooshwa, akaanza kumvisha kwa maneno. Kwanza akamtupia ngao ya chini, ngumu kama bakuli.

"Hiyo ni ya kulinda uzazi."

"Nina miaka sitini na mitatu, Lud."

"Ivae. Kwa umri wetu si ya uzazi tena. Ni ya kukuwezesha kupumua."

Yakafuata magodoro ya miguuni, yale mapana yanayofika juu ya magoti, yamejazwa manyoya, kila moja na vifungo vinane vya ngozi. Nestor akayafunga akihema. Lud akanywa chai. Nestor akasimama, akapiga hatua, vifungo vya mguu huu vikashikana na vya mguu ule, akaanguka mzimamzima kama nguzo ya simu. Kuku wakakimbia.

Lud akamaliza funda lake la chai.

"Vifungo vinakaa upande wa nje, Nestor. Umebadilisha miguu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema ungesahau. Sasa hutasahau."

Ikaja ngao ya kifua. Lud ni mwembamba kama ufagio. Nestor alilishwa na Verna. Ngao ikafunika mabega, ikafunika kifua, ikaishia juu ya kitovu. Chini yake tumbo likatoka nje zima, jeupe, halina ulinzi wowote.

"Hapa pako wazi," Nestor akasema.

Lud akapatazama.

"Hapo," akasema, "amepajaza Verna."

Kisha Nestor akaanza kucheka, akiwa amekaa kwenye mavi ya kuku na magodoro yake. Akacheka mpaka akashika ukuta. Hakuwa amecheka tangu mwezi wa tano.

Mazoezi akayafanyia uani, na shemeji yake Stefka, dada yake Verna. Stefka alishona kipande cha sponji ya kochi chini ya ngao, kuziba lile pengo. Halafu akamrushia viazi vilivyoganda.

"Shemeji, fungua macho!"

"Yamefunguka!"

"Basi vinapita katikati ya macho! Kile ulikiacha hivi, kimekupungia mkono!"

"Wewe unarusha kwa nguvu mno."

"Arne Hovland atakurushia kwa upole? Atakuletea na maua?"

Kiazi kilichofuata kilipiga kwenye sponji. Nestor akakaa chini taratibu, akaangalia mbali. Stefka akamngoja.

"Sponji haifai," Nestor akasema alipopata pumzi.

Wakaingia ndani kunywa chai. Stefka akatazama juu ya jiko.

"Na ule mfuniko utaning'inia hapo mpaka lini?"

"Unangoja mwenzake," Nestor akasema, akamimina chai.

Siku ya mechi, Stefka akiwasha gari nje, Nestor alisimama jikoni amevaa vifaa vyake, bado fulana. Akautazama mfuniko. Akanyanyua mkono, akaushusha. Mara ya pili akautungua. Akautia chini ya ngao, mahali pa sponji. Ukaenea tumboni kana kwamba ulipimwa. Ulikuwa baridi. Akavuta fulana juu yake, akatoka.

Uwanja ulijaa. Nordby walikuja na basi lao la shule na blanketi zao. Sufuria iliwekwa kwenye meza ya mwamuzi, imefungwa utepe mwekundu kama mtoto wa kike anayekwenda kubatizwa. Nestor aliiona alipoingia, akasahau kunyanyua mguu, akaingia barafuni kwa tumbo. Mfuniko ukalia kidogo chini ya fulana. Watu walidhani ni mlango.

Wenzake wakapita mbele yake mmoja mmoja, kila mmoja akamgonga magodoro kwa gongo lake la hoki, kama ilivyo desturi kwa kipa.

"Kazi yako moja tu," Orest akamwambia. "Kuwa mnene."

"Hilo naliweza."

Kisahani cha kwanza kiliingia Nestor akipangusa wavu wa kofia. Cha pili kilipita katikati ya miguu. Cha tatu alikidaka vizuri sana kwa glavu, akafurahi, akainua mkono kumwonyesha Stefka, kikamdondokea mgongoni kikaingia.

"Shemeji!" Stefka akapiga kelele kutoka jukwaani. "Hicho kilikuwa chako kabisa!"

Yakaja mapumziko. Barafu imechimbika, na mashine ya kulainisha hakuna mwingine anayeijua. Nestor akaipanda vilevile, na magodoro yake, miguu imetanuka huku na huku, akazunguka uwanja mzima taratibu akiangalia nyuma yake kama maji yanakaa sawa. Dolyna wakashangilia. Nordby nao wakasimama wakapiga makofi. Barafu ya Nestor hata adui aliisifu.

Baada ya hapo mambo yakabadilika kidogo. Si kwamba alijua kudaka. Aliacha kukikimbia kisahani. Alisimama tu, kikampata begani, kikampata pajani, kikampata kofiani, na kila kilipompata hakikuingia. Akianguka, wenzake wawili wanamnyanyua kama kabati. Orest akafunga, wengine wakafunga. Ikawa Dolyna matano, Nordby manne. Zimebaki sekunde ishirini.

Hapo Arne Hovland akachomoka peke yake.

Mbele yake hakuna mtu ila Nestor. Arne ana miaka sitini na tano lakini mkono wake ni wa mkata magogo. Akainua gongo mpaka nyuma ya sikio. Nestor akaona. Safari hii hakufumba. Akatoa tumbo mbele.

Ngaaaaa!

Sauti ikagonga bati la paa ikarudi. Mbwa wa mtu akabweka huko nje. Kisahani kikaanguka miguuni kwa Nestor, na Nestor akaanguka juu yake. Filimbi ikalia.

"Mwamuzi!" Arne akaita. "Huyu mtu amelia!"

Mwamuzi alikuwa Gladys Toporowski, mama wa posta. Akaja akiteleza, akamgeuza Nestor chali, akamgonga tumboni kwa filimbi. Ngo, ngo.

"Nestor," akasema. "Una nini humo?"

Wakamnyanyua. Akapandisha fulana. Wanawake wa jukwaani, wa vijiji vyote viwili, waliutambua kabla wanaume hawajajua wanatazama nini.

"Ni mfuniko wa Verna!"

"Jamani, ni wenyewe! Ona kishikio kile alichofunga waya!"

Kijana mmoja wa Nordby, wa miaka hamsini hivi, akaja juu. "Hii ni hila! Goli lihesabiwe! Kitabu kinasemaje kuhusu mifuniko?"

Gladys akafikiri. "Kitabu hakisemi lolote kuhusu mifuniko," akasema. "Nahodha wenu anasemaje?"

Wote wakamgeukia Arne. Nestor alisimama fulana imepanda, pumzi zikimtoka kama treni. Mkono mmoja ameuweka juu ya mfuniko. Kama watasema goli, ni sare, na sare sufuria inarudi Nordby.

Arne akavua kofia. Akautazama mfuniko kwa muda. Katikati palikuwa na bonyeo jipya, la kina cha kidole.

"Mwaka jana nilikwenda kwake kuchukua sufuria," akasema. "Akaniambia, mfuniko hamkucheza nao." Akajifuta pua kwa glavu. "Haya. Leo tumecheza nao. Umetupiga."

Sekunde zilizobaki zikachezwa, hakuna aliyezijali. Wazee wakapanga mistari miwili, wakapeana mikono. Arne alipofika kwa Nestor hakumpa mkono. Alikwenda mezani, akafungua utepe, akaleta sufuria, akamwekea mikononi.

"Pole sana, mzee mwenzangu," akasema kwa sauti ndogo. "Sikuja kukupa pole mwezi wa tano. Niliona aibu, na sufuria yake iko kwangu."

"Imekuja sasa," Nestor akasema.

Vifaa Stefka alivikataa garini. Vilisafiri nyuma, kwenye trela. Sufuria ilikaa kiti cha mbele na Nestor.

Jikoni, Nestor akaiweka juu ya jiko akaangalia ndani. Wake wa Nordby walikuwa wameisugua mpaka inang'aa. Ule weusi wa chini, wa miaka yote ya Verna, haukubaki hata alama. Akapitisha kidole huko chini. Akatia maji, akawasha moto, akafunika.

Mfuniko haukukaa sawasawa tena, kwa ajili ya lile bonyeo. Maji yalipoanza kuchemka ukaanza kurukaruka. Taka-taka-taka, ukinyamaza, ukianza tena, kama mtu aliyekumbuka jambo.

"Ona," Stefka akasema. "Umeharibika. Nipe nyundo niunyooshe."

Nestor alikuwa amekwisha kuvuta kiti. Aliketi mbele ya jiko, viatu vya barafu bado miguuni.

"Uache," akasema. "Unaongea."