Aliyeanzisha Kimya

Miaka kumi na tisa Muhonja, au Mama Ryan kama majirani walivyomwita, aliuza matumbo sokoni Burma siku sita, na siku ya saba akaanzisha nyimbo katika kanisa la Marafiki, wale Wakweka, kule Makadara. Akifungua kinywa, hata wanaume waliokokotwa na wake zao walisimama. Mwaka wa tisini na tano akapasuliwa rovu shingoni, sauti ikabaki mnong'ono. Akahamia benchi la nyuma. Aliogopa, tena aliogopa sana, kwamba Mungu hamsikii tena.

Ndipo akaja Alden, Mmarekani mwenye pesa za kumwaga na moyo mkavu. Alikwisha kukaa na watawa huko India, akafunga na kufunga, akaambulia vidonda vya tumbo. Sasa alikuwa amesikia kwamba Afrika wako watu wanaomwimbia Mungu mpaka anashuka. Akaketi kando ya Muhonja, na kwa Kiswahili chake cha kukariri akamwomba amfundishe.

"Sauti yangu iliisha, ndugu yangu," Muhonja akanong'ona. "Kwani kwenu hamna kanisa?"

"Lipo. Marafiki kama nyinyi. Lakini sisi tunakaa kimya saa nzima. Hakuna wimbo, hakuna mchungaji."

"Kimya tu? Na Mungu anakuja?"

"Nyanya yangu alisema anakuja. Mimi nilikuwa nasinzia."

Wiki ile Muhonja alikoroga sufuria yake kama mtu aliye usingizini. Ndani ya mvuke aliwaona ajuza wa Marekani, kofia mapajani, macho wamefumba, na Mungu akipita polepole katikati ya mabenchi asije akawashtua. Wateja waliitisha supu mara mbili, mara tatu. Mwenyewe hayupo, yuko huko.

Jumapili Mchungaji Wamalwa akauliza nani atawaanzishia. Muhonja akasimama. Watu wakafurahi: sauti imerudi! Akafumba macho, akanyamaza. Wenye kayamba wakangoja. Kisha Triza, aliyemwitikia nyimbo miaka yote ile, akasimama naye, na mmoja mmoja kanisa zima likasimama. Kelele za mtaa zikafifia mpaka ukasikia pumzi ya jirani. Muhonja akahisi joto kifuani, lile lile lililomjia zamani akiimba, na machozi yakamtoka.

Alden peke yake alikodoa macho, akitazama saa. Maskini, alivuka bahari kukikimbia kimya, nacho kikamfuata hadi Makadara.

Mchungaji aliposema amina, Triza alimshika Muhonja mkono.

"Mama Ryan," alisema, "hakuna siku umewahi kutuanzishia hivi."