Chungu Kimoja cha Chai

Asubuhi ile niliondoka Busia kwa sababu tu baiskeli ilipita na mimi nilikuwa nimekaa bure. Ilibeba kapu la samaki wa moshi kutoka Majanji, na mwenyewe alikuwa akihema kama anayekimbizwa.

"Kijana, wewe unakwenda wapi?"

"Unakokwenda wewe."

Akacheka, akanipa kazi ya kusukuma kila penye mwinuko. Ndivyo nilivyoishi miaka ile ya sitini, tangu nilipoacha shule darasa la tano: kila barabara nilitaka kujua inaishia wapi.

Jua lilipoanza kushuka tukaliona jabali la Tororo. Mchuuzi akanipa samaki mmoja mkubwa, ndio ujira wangu, akanyoosha kidole kuelekea Rubongi. "Nyuma ya kanisa lile kuna mama mjane anayepokea wageni. Nasikia leo anapewa Wakongo wawili. Nenda ukawaulize wao hayo maswali yako, masikio yangu yamechoka."

Nilimkuta mama huyo uani, amesimama kati ya wanaume wawili waliopeana mgongo. Vita vya Kongo vilikuwa vimewatupa watu mpaka huku kwa malori na kwa treni, na waumini wa kanisa lake waligawana wageni kama watu wanavyogawana mbegu. Yeye alipewa wawili, wote wamefika siku ile ile. Hakuna aliyewauliza wametoka upande gani. Yule mrefu, kaka yake aliuawa na waasi. Yule mfupi, aliyefungwa kitambaa mguuni, nyumba yake ilichomwa na askari wa serikali. Hakuna kati yao aliyewahi kushika bunduki, lakini kila mmoja alimwona mwenzake kama ndiye aliyeshika kiberiti au panga. Na mama alikuwa na chumba kimoja tu cha wageni.

Mrefu alikuwa ameshafunga furushi lake. "Nitalala barabarani, Mama. Na huyu, hapana."

"Barabarani unamjua nani?" mama akauliza. Mrefu akalitupia furushi begani. Hakuwa na mtu yeyote nchi hii nzima.

Jirani akachungulia juu ya ua. "Mama, nilikwambia! Umefuga paka na panya kibanda kimoja. Hebu chagua mwenye haki."

"Nikichagua, yule mwingine namrudisha kwa Mungu nimwambie nini? Kwamba nyumba ilikuwa ndogo?" Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe una upande gani?"

"Nina samaki, Mama."

"Basi kaa."

Akaleta chungu kikubwa na mirija mirefu. Kwao watu huzunguka chungu kimoja cha pombe ya wimbi, kila mtu na mrija wake, na mwenye kinyongo na mwenzake hathubutu kuuingiza. Lakini mama alikuwa mlokole, pombe alishaiacha. Chungu hakukitupa. Akamimina humo chai inayotokota, yenye tangawizi, birika zima.

Kwa desturi mwenyeji hunywa kwanza, wageni waone hakuna sumu. Akavuta. Nikaona macho yake yakijaa maji, shingo ikikakamaa. Pombe huwekwa maji ya moto, ndiyo, lakini wimbi huyapunguza makali. Chai ile ilipanda mrijani na moto wake wote. Akameza. "Tamu," akasema, machozi yakimtiririka. "Karibuni."

Mrefu aliyaona machozi yale. Nadhani aliamini mama anaililia Kongo. Akaweka furushi chini, akainama kwa heshima, akavuta kwa nguvu.

Yowe lake liliwakimbiza kuku. "Mama! Vita havikuniua, unaniua wewe?"

Mfupi aligeuka. Alipoona ule ulimi umening'inia nje, alicheka mpaka akashika mguu wake mbovu.

"Unacheka?" Mrefu akamsogezea mrija wake mwenyewe. "Haya, mwanamume! Vuta na wewe!"

Na mfupi, kwa ubishi tu, akavuta. Mrija ule ule. Akaruka kwa mguu mmoja akizunguka ua, na sasa mrefu ndiye aliyecheka, kisha mama, kisha jirani kule nyuma ya ua. Mimi nilipiga magoti kwa kicheko.

"Ngojeni ipoe," mama akasema akijifuta macho kwa kanga. "Mungu ana subira, na chai nayo inataka subira."

Tukangoja. Tukanywa, nami nikawauliza juu ya kila barabara waliyopitia. Tukamla samaki, na mfupi akamwachia mwenzake kichwa, kwa sababu mrefu alisema kwao kichwa ndicho kitamu. Hawakusameheana kwa maneno. Mrefu alimtaja kaka yake mara moja, na mfupi akaacha kutafuna mpaka mwenzake alipomaliza kusema.

Giza lilipokaribia mama akatandika mikeka mitatu, wangu katikati. "Wewe ndiye ukuta wangu," akaninong'oneza.

Mrefu aliingia, akatazama, akauvuta mkeka wangu mpaka pembeni, kando ya mlango.

"Huyu anauliza sana," akamwambia mfupi. "Tukimweka katikati hatutalala."

"Msukume tena kidogo," mfupi akasema, akiusogeza mkeka wake pale ulipokuwa wangu.